Kifuniko cha Jicho la Kulia

Wifi yangu Mwaija anashona sare za shule barazani kwetu Kilole, Korogwe, na mtu yeyote akipita upande wake wa kulia yeye lazima amuulize, "Nani huyo?" Hainui kichwa wala hasimamishi cherehani. Aliyepita hutaja jina lake, basi, mguu unaendelea na pedeli. Wapangaji wapya hudhani ni utani wake. Mimi nikilisikia swali hilo huweka chini chochote nilichoshika.

Halikuwa swali lake. Lilikuwa la Bibi Mashavu, aliyemzaa baba yake Mwaija na mume wangu, ambaye nilimkuta Sindeni kule Handeni mwaka nilioolewa. Bibi alikuwa haoni kabisa. Kutwa alikaa mkekani mlangoni, na kila kivuli kilichompita usoni alikiuliza hivyo hivyo, nani huyo. Niliposema shikamoo bibi, ni mimi mke wa Hussein, alinivuta akanipapasa uso mzima, paji, pua, mpaka kidevu, na vidole vyake vilikuwa vimekauka kama maganda ya mahindi. Akasema, "Marahaba. Una uso wa mtu wa kunyamaza." Watu wakacheka. Mimi nilitoka pale na baridi mgongoni, na wala haikuwa msimu wa baridi.

Mwaija alizaliwa katika nyumba hiyo, na tangu mdogo watu wazima walikuwa wakimtazama kisha wanamtazama bibi yake. Shuleni mwalimu aliandika ubaoni, yeye akaona weusi na vumbi jeupe. Alichapwa kwa uvivu mpaka darasa la nne, akakaa kimya, kwa sababu alidhani kila mtoto anaona hivyo na wenzake wana bidii tu ya kubahatisha. Wakampa jina la Papasa. Jioni kazi yake ilikuwa kumshika bibi mkono kumpeleka uani, na siku moja walikosa njia wote wawili wakaishia ndani ya zizi la mbuzi. Hussein, kaka yake, mume wangu, anakisimulia kisa hicho mpaka leo, na sehemu anayoipenda ni ile ambapo bibi anamsalimia mbuzi akidhani ni jirani. Mwaija hucheka pamoja naye. Lakini aliwahi kuniambia kwamba siku ile ndani ya zizi bibi alimshika kichwa kwa mikono miwili akamwambia, mjukuu wangu, mkeka wangu wa mlangoni nimekuwekea.

Vitu vya karibu aliviona kuliko sisi sote. Akisogeza kitambaa puani alihesabu nyuzi. Kwa hiyo alipomaliza la saba Hussein alimchukua, akaja kukaa kwetu Kilole, na akafundishwa cherehani na fundi Getruda, mama mmoja ambaye wazee wake waliletwa huku na kazi za mkonge. Getruda alimpenda kwa sababu ya pindo zake. Alisema pindo la Mwaija ukiligeuza ndani na nje hujui lipi ni lipi. Tatizo lilikuwa mashine. Kwenye mashine huwezi kuweka pua, sindano itakuchukua pua.

Akapimwa macho, akapewa miwani mizito kama kitako cha bilauri. Alivaa, akatazama barabara, akasema kila kitu kimekaa sawa lakini kimekuwa kidogo na kimepelekwa mbali, kama mtu amekihamisha wakati yeye amefumba macho. Sindano aliiona pale, nayo iko hapa. Mwezi wa kwanza ilimpita kidoleni mara tatu. Ndipo Denis, kijana wa duka la miwani karibu na stendi, aliyesomea mambo hayo, akamwambia kwamba kwa macho dhaifu kiasi kile lenzi za kuvaa ndani ya jicho zingemwonyesha kitu mahali kilipo, na kwa ukubwa wake. Zipo za siku moja, akasema. Unavaa asubuhi, jioni unatupa.

Akaanza na zile za boksi jeupe, za bei nafuu. Siku ya kwanza alisimama uani dakika nyingi akitazama majani ya mpapai. Baadaye alinifuata jikoni akaniangalia, akasema, "Wifi, kumbe una alama hapo juu ya mdomo." Tulikuwa tumekaa nyumba moja miaka miwili.

Lakini joto letu la Korogwe unalijua. Ikifika saa nane lenzi za boksi jeupe zilimkaukia, zikamkwaruza, macho yakawa mekundu. Alizibandua kwa hasira akazitupa jikoni kwenye mkaa, bila kuzitazama mara ya pili. Hussein akirudi kutoka Segera anakouza machungwa kwa abiria wa mabasi, alimtania: "Dada, wewe unanunua macho kwa boksi kama viberiti. Sisi tuliopewa ya bure tumshukuru nani?" Mwaija akamjibu kwamba amshukuru yule aliyempa ya bure akamnyima ya kuonea uchafu wa shati lake.

Baada ya miezi kadhaa, kazi ilipokuwa nzuri, akahamia boksi la buluu. Bei yake ilikaribia mara mbili ya jeupe. Hizo zilikuwa laini, zinateleza, na mpaka magharibi zilikuwa hazijakauka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na mtu wa nje hawezi kuelewa kwa nini, mpaka aijue nyumba yetu.

Kwetu hakitupwi kitu. Kanga ikichakaa inakuwa nepi, nepi ikichoka inakuwa tambara la kushikia sufuria, tambara likiisha linawashia moto. Mifuko ya nailoni tunaifua, tunaianika kambani. Mama mkwe amewalea hivyo, na mimi niliyetoka Kwashemshi kule mlimani nimelelewa hivyo hivyo. Sasa mtu kama huyo mwambie atupe kitu kizima, kinachong'aa, alichokinunua kwa bei kubwa, eti kwa sababu jua limezama. Jioni moja Mwaija alitoa lenzi ya buluu, akaiweka juu ya ncha ya kidole, akanisogezea. "Tazama," akasema. "Bado mbichi."

Kweli ilikuwa mbichi. Nilimuunga mkono.

Akatafuta vifuniko viwili vya chupa za dawa ya kikohozi za mwanangu Yusra, akavikwangua kwa kucha alama, kimoja cha kulia, kimoja cha kushoto. Akamimina humo yale maji kidogo yaliyokuja ndani ya vikasha vya lenzi, akazilaza humo. Asubuhi akazivaa tena. Jozi ya siku moja ikaenda siku tatu, ikaenda wiki. Denis alikwisha kumwambia zitupwe. Ila Denis hajawahi kukaa Sindeni.

Vifuniko vilikaa dirishani chumbani kwake. Kila alfajiri, wakati yeye yuko uani anaoga na kuswali kabla ya kazi, mimi niliingia kufagia na Yusra mgongoni. Siku moja niliona kile cha kulia, kilichokuwa upande wa upepo, kimekauka karibu chote. Lenzi ilikuwa imejikunja ukingoni kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Niliionea huruma, na sijui kwa nini mtu aonee huruma kitu kama kile. Kwenye jagi kulikuwa na maji ya Yusra, maji niliyoyachemsha mwenyewe kama tulivyofundishwa kliniki, nikayaacha yapoe. Nikadondosha matone machache. Ile lenzi ikakunjuka taratibu, ikatanda chini ya kifuniko, ikawa duara, ikanitazama. Niliona kama imeshukuru.

Nikafanya hivyo kesho yake, na keshokutwa. Ikawa sehemu ya kufagia. Sikumwambia, kwa sababu halikuwa jambo la kumwambia mtu. Ungemwambia mtu kwamba umemwagilia ua lake?

Jicho la kulia lilianza kuuma mwezi wa Rajabu. Mwanzoni alidhani ni pamba ya nyuzi. Zahanati walimpa dawa ya macho ya kawaida, akaweka wiki mbili, maumivu yakazidi. Mwanga ukawa unamchoma. Nilimkuta mchana kweupe amejikunja chini ya meza ya cherehani, amejifunika kanga mbili na gunia la vitambaa, akilia bila sauti. Ndipo Hussein akampeleka Tanga hospitalini, nami nikafuatana nao na mtoto.

Daktari wa macho alikuwa mama mtu mzima, mpole. Alimtazama kwa mashine yake muda mrefu, kisha akatueleza kwamba kuna kidudu kinachoishi majini. Kinakaa hata kwenye maji ya bomba, hata kwenye maji ukiyachemsha kisha ukayaacha wazi. Ukiyanywa hakikudhuru. Kikikamatwa kati ya lenzi na jicho kinakula kioo cha jicho. Akauliza ni maji gani yaligusa lenzi zile.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Jagi la Yusra lilikuwa ndani ya kikapu changu, kwa ajili ya safari.

Mwaija alisema, "Nilioga nazo mtoni, daktari."

Najua hakuoga mtoni. Mwaija mto anauogopa tangu utoto, hauoni mwisho wake. Nikafikiri amesema vile kwa aibu, kwamba hataki kusema habari ya vifuniko mbele ya kaka yake. Nami nikanyamaza. Daktari akaandika mto. Kwenye cheti cha hospitali mpaka leo imeandikwa mto.

Alitiwa matone kila saa, mchana na usiku, kisha kila saa mbili, kwa miezi mingi. Mengi nilimtia mimi. Nilimfungua kope kwa vidole vyangu hivi, nikadondosha, na kila tone lilipoanguka niliona lile lingine, la alfajiri. Jicho lilipona maumivu lakini likabaki na doa jeupe katikati, kama ukungu ulioganda. Kwa jicho lile sasa anajua kuna mchana na kuna usiku, basi. Siku aliyorudi kukaa barazani nilipita kulia kwake na beseni la nguo, na hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza, "Nani huyo?" Sauti ilikuwa yake, lakini pumzi ilikuwa ya Bibi Mashavu, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka mmoja kabla. Beseni likaniponyoka.

Tangu hapo siwezi kumimina maji nikatazama ndani ya chombo. Namimina nikiangalia pembeni. Yusra akinywa kikombeni, naona chini ya kikombe kitu cha duara kinakunjuka. Vile vifuniko, Mwaija alisema vitupwe, nikatupa kimoja. Cha kulia mkono wangu ulikataa. Nilikifunga kwenye pindo la kanga, pale tunapofungia hela, na kila nilipobadili kanga nilikihamisha. Hussein aliwahi kukigusa akidhani ni sarafu, akaniuliza nimeficha nini. Nikasema ni kizibo cha dawa ya mtoto. Sikudanganya, na sikusema kweli.

Mwaija alirudi kwenye miwani, na jicho moja. Sindano ikawa tena pale na si hapa. Kola za mashati zikaenda upande, walimu wakazirudisha. Getruda alikuja kumpa pole, akageuza pindo moja, akaligeuza tena, akaliweka chini. Siku hiyo Mwaija alifunika cherehani kwa shuka, akatandika mkeka mlangoni, akakaa. Ulikuwa mkeka tu, kulikuwa na joto. Lakini nilipomwona mgongo wake umeegemea mlango nilimchukua Yusra nikaenda kukaa kwa jirani mpaka jioni.

Mwaka ukapita. Mwaija akarudi Tanga kumwomba daktari avae lenzi tena, na daktari alipombana kwa maswali aliona kazi ndiyo maisha yake. Hakupenda, lakini hakukataa. Alisema jicho la kushoto linaweza kuvaa lenzi ya siku moja kwa saa chache, mikono ikaushwe, maji yasisogee, jioni itupwe. Akamwambia, "Hili ndilo ulilobaki nalo. Hakuna la tatu." Mwaija akaitikia kama mtoto.

Tulikwenda kwa Denis mwezi wa Desemba, sare za Januari zikiwa zimeanza kuulizwa. Denis akaweka kaunta maboksi mawili, jeupe na buluu, akasema yeye angemshauri la buluu. Jicho lililobaki peke yake lipewe kitu kinachopitisha hewa, lisikauke, lisikwaruzike. Kwa joto letu, akasema, jeupe litamchubua, na jicho lililochubuka ni mlango wazi. Bei ni kubwa, lakini sasa ni jicho moja tu, boksi litakwenda mara mbili.

Mwaija akasema, "Nipe jeupe."

Denis akadhani ni hela, akaanza kumweleza kwamba anaweza kulipa kidogo kidogo. Mwaija akatikisa kichwa. Mteja mwingine akaingia na miwani iliyovunjika, Denis akatuomba tumsubiri, tukatoka kukaa kwenye benchi la nje. Yusra alilala mapajani mwangu. Nilimuuliza Mwaija kwa nini, ilhali fedha anayo na amesikia mwenyewe la kuchubuka.

Alikuwa ananipa upande wa kushoto, ananiona. Akasema, "Ya jeupe naweza kuitupa, wifi. Ya buluu siwezi. Najijua. Jioni nitaishika kidoleni, itakuwa mbichi, na mkono wangu utatafuta mahali pa kuiweka. Bora inichubue."

Nikaona jinsi itakavyokuwa. Atavaa ya jeupe, itakauka saa nane, atavumilia mpaka saa kumi kwa sababu ya kazi, jicho litachubuka, na siku moja nitapita kushoto kwake na yeye ataniuliza mimi ni nani. Nikafungua pindo la kanga. Nikakiweka kifuniko kwenye kiganja chake, alama ya kucha ikiwa juu.

"Ni mimi niliyekuwa natia maji," nikasema. "Ya Yusra, ya jagi. La kulia lilikuwa linakauka. Hukuoga mtoni."

Alikigeuza akakisogeza puani, kama anavyotazama pindo, akapitisha kidole kwenye ile alama. Basi likapita stendi na honi, mtoto akashtuka, nikambembeleza. Nilingoja anipige, au aniite jina nililokuwa najiita mwenyewe.

"Nilijua," akasema Mwaija.

Akasema kile kimaji cha boksi hakiongezeki chenyewe. Asubuhi ya kwanza alikuta kifuniko kimejaa, akasimama dirishani akafikiri, ndani ya nyumba hii ni nani akiona kitu kimepungua hawezi kupita bila kukijaza? Akajua. "Nikavaa hivyo hivyo," akasema. "Nilifurahi. Nilisema moyoni, kumbe wifi yangu ananitunzia na macho." Kule kwa daktari alitaja mto kwa sababu alihisi miguu yangu nyuma ya kiti, na mtoto mgongoni, na Hussein pembeni. Alifikiri nitamwambia nikiwa tayari. Halafu miezi ikapita, akaona sisemi, akaanza kuogopa kwamba akiniuliza yeye nitaondoka nirudi Kwashemshi.

"Bibi alisema una uso wa kunyamaza," akaniambia. "Mimi nikamwambia bibi, huyu ananyamaza kwa upole. Umekaa na kitu hiki kiunoni mwaka mzima, wifi?"

Nililifunga tena pindo la kanga, likiwa tupu. Denis alichungulia mlangoni akarudi ndani.

Mwishowe Mwaija alisimama, akajifuta uso, akasema atachukua la buluu. Nikamwambia, lakini umesema huwezi kuitupa. Akasema, "Mimi siwezi. Utatupa wewe." Akaongeza kwamba mkono uliojua kujaza ujifunze na kumwaga, na hapo akatabasamu kidogo, tabasamu la upande mmoja, la upande unaoniona.

Hivyo ndivyo tunavyofanya sasa. Saa tisa na nusu alasiri cherehani inasimama. Anakausha mikono, anaitoa lenzi, anainyoosha kidoleni mbele yangu. Siku ya kwanza aliishikilia muda mrefu kabla ya kunipa.

"Bado mbichi," akasema.

"Nimeona," nikasema.

Akaiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa ya baridi, nyepesi kama hakuna kitu, nayo ikatanda ikawa duara. Nilikwenda nayo jikoni. Mkono wangu ulitaka kujikunja uifiche, na jagi la Yusra lilikuwa pale pale karibu, limejaa. Nikaitupa kwenye mkaa. Ilijikunja, ikatoa sauti ndogo sana, ikaisha. Kile kifuniko nacho, Mwaija alichokuwa amenirudishia, nilikitupa humo siku hiyo, kikanuka plastiki mpaka nje.

Mwaija husubiri barazani mpaka nirudi. Bila lenzi na bila miwani, haoni kitu kilicho mbali kuliko urefu wa mkono. Husikia hatua zangu, hugeuka.

"Nani huyo?"

"Ni mimi," namwambia. "Nimetupa."